Korongo Nyuma ya Mnada

Mwanangu Faustini,

Dada yako Theresia hakufia kitandani kwetu. Kwamba alifia kitandani ndivyo nilivyowaambia watu, ndivyo mama yako anavyoamini hadi leo, na wewe uliyezaliwa miaka mingi baadaye umekua ukisimuliwa hivyo. Alifia korongoni, nyuma ya uwanja wa mnada, na aliyekuwa naye ni mimi peke yangu. Jambo hili nimelificha karibu utu uzima wangu wote. Kesho asubuhi gari la kambi ya watalii litakuja kukuchukua kwenda Engaresero, na ukirudi likizo hutanikuta. Kwa hiyo nalitoa leo.

Naandika mchana, nimeegemea mito, kwa sababu jua likishuka mkono unakataa. Mama yako yuko jikoni anakukaangia karanga za safari. Namsikia akimfukuza kuku aliyeingia ndani: "Na wewe unakwenda Engaresero?" Hajui ninachoandika. Anadhani nakupa nasaha, na ameniambia nisisahau kukukumbusha sweta. Basi, sweta. Habari za kutunza mshahara na kujihadhari na pombe za madereva ameshakuambia, na atazirudia kesho ukiwa umeshaweka mguu mmoja ndani ya gari. Mimi sina nguvu ya kuandika kila kitu, na mambo hayo siyo yatakayokuharibu. Linaloweza kukuharibu nililiona Jumapili.

Tulikuwa tumemaliza kula. Juliana mkeo alikuwa na mikono ndani ya beseni la vyombo, na Petro analia kwa usingizi. Mama yako akasema, "Faustini, mbebe mwanao mgongoni umzungushe uani, atalala tu."

Ukacheka. "Mama, mimi si yaya."

"Mgongo si unao? Au umeupangisha?"

Juliana akacheka kidogo, na nadhani kicheko kile ndicho kilichokuchoma, maana uliinuka ukasema: "Wewe usinifundishe kulea. Wewe uliyemwacha Theresia anaumwa ukaenda kwenu Kansay."

Mama yako alikausha mikono kwenye gauni, akamchukua mtoto, akamfunga kwenye mgongo wake ambao daktari alishamkataza kubebea kitu, akatoka. Wewe ukanitazama. Ulikuwa unangoja niseme neno, nikuunge mkono au nikukemee, nadhani lolote lingekutosha. Nikatazama miguu yangu.

Nataka ujue kwamba maneno yale siyo yako. Uliyaokota ndani ya nyumba hii, na mimi ndiye niliyeyadondosha. Hata sauti ilikuwa yangu. Nilikaa kwenye kiti changu nikajisikia nikiongea kupitia mdomo wa mtoto wangu, na nikaogopa kuliko nilivyoogopa daktari aliponiambia ugonjwa umeshafika kwenye mifupa.

Sasa nikueleze yalivyokuwa, nianze na yale ambayo watu wote waliyaona.

Theresia alikuwa mtoto wetu wa kwanza, umri ule wa kuuliza maswali yasiyoisha. Wiki ile alikuwa na kikohozi. Bibi yako mzaa mama aliugua huko Kansay, na mimi ndiye niliyemwambia mama yako aende. Shule zilikuwa zimefungwa, nikasema nitabaki na mtoto. Akiwa mlangoni, kikapu kichwani, akaniambia: "Akichemka, usimsubiri mtu. Mpeleke zahanati. Kitenge kiko nyuma ya mlango."

Soma tena maneno hayo, Faustini. Aliyesema hivyo ndiye unayemwambia alimwacha mtoto.

Alirudi siku moja baada ya kifo, akakuta watu wamekaa uani. Mimi nilikuwa nimemrudisha Theresia nyumbani baada ya giza kuingia, nikamlaza kitandani, nikamfunika, ndipo nikaita majirani. Wote walimkuta pale. Mama yako alipoingia uani, nilisimama mbele ya watu nikamwambia: "Umeondoka ukamwacha anaumwa. Ungekuwepo angepona." Nilisema kwa sauti ya darasani, ili asikie hata aliyekaa nyuma. Alifungua mdomo, akaniangalia, akaufunga. Baada ya mazishi aliniuliza mara moja tu, "Kitenge changu kiko wapi?" Nikasema sijui. Hakuuliza tena.

Kisha wazee wakasema awekwe metimani. Ninyi vijana mnalisikia neno hilo kama hadithi ya mababu. Maana yake ni kwamba mama aliyefiwa na mtoto hutengwa: haingii nyumba ya mtu, haombi moto, hachoti maji pale wanapochota wenzake, mpaka wazee waseme imetosha. Sisi tulikuwa Wakristo, na mimi darasani nilikuwa nikiiita mila hiyo ujinga. Neno langu moja lingetosha kuizuia, maana wazee wale waliniheshimu kwa elimu yangu. Sikulisema. Mwanamke aliyetengwa hazungumzi na watu, na asiyezungumza na watu haulizwi ilikuwaje. Ilinifaa. Wanawake wenzake walikuwa wakimwachia mboga kwenye uzio na kuondoka, na mimi nilikuwa nikivaa tai yangu na kwenda kazini.

Watu bado wanamwita Mama Theresia. Hebu lifikirie hilo. Kila anayemsalimia sokoni, kila anayekuja kuomba chumvi, anamwita kwa jina la mtoto anayeambiwa alimwacha. Mimi wananiita Mwalimu.

Lakini huwezi kuelewa kilichonipeleka korongoni bila kumjua Tarmo. Unamjua kama yule mzee wa bondeni anayekuja na kibuyu cha maziwa na utani mwingi. Hujui lile jina la utani analojiita, "Mama Eliza", lilitoka wapi. Lilitoka kwangu.

Mkewe aliugua sana baada ya kujifungua Elizabeti, akalazwa muda mrefu. Tarmo hakuwa na dada karibu. Kwa hiyo alimfunga mtoto mgongoni kwa kitenge, kama wanawake, akaenda naye shambani, kliniki, mashineni kusaga. Siku ya mnada sisi wanaume tulikuwa tumekaa kwenye mabanda ya nyama na pombe, mimi katikati, kijana, ndiye pekee kijijini petu niliyesomea ualimu. Akapita, mfuko wa unga kichwani na mtoto mgongoni. Nikapaza sauti: "Karibu, Mama Eliza! Umeshamnyonyesha lakini?"

Walicheka mpaka mmoja akapaliwa na nyama.

Tarmo alisimama, akageuka taratibu ili asimwamshe mtoto. "Ameshanyonya, Mwalimu. Wewe je, umeshanyonya?"

Wakacheka tena, safari hii kwa kunitazama mimi. Hilo sikulisamehe. Nilihakikisha lile jina linashika. Kila tulipokuwa wanaume zaidi ya wawili nililirudia. Watoto shuleni walilijua, wakamwimbia Elizabeti alipoanza darasa la kwanza, na mimi nikiwa zamu nilijifanya sisikii. Nikawa hodari wa kazi hiyo. Mwanaume aliyemsaidia mkewe kuchota maji nilimpa jina. Aliyelia msibani nilimpa jina. Watu waliipenda baraza yangu kwa sababu ya vicheko, na walikaa wima mbele yangu kwa kuogopa zamu yao.

Sikuzaliwa hivyo. Babu yako alinipiga kofi kaburini kwa mama yake kwa sababu nilitokwa machozi, na jioni hiyo nilimwona nyuma ya zizi akilia yeye mwenyewe, ameuma kola ya koti asisikike. Ningeweza kujifunza kwamba hata yeye analia. Nilichojifunza ni kuuma kola. Sikuandikii haya ili upunguze kosa langu. Nilisoma, nilisafiri, nilikuwa na vitabu, nilikuwa na akili ya kutosha kuacha. Niliona faida yake tu.

Faida ilikuwepo, siwezi kukudanganya. Mwanamume wa namna ile anapewa kiti. Anasikilizwa hata akisema upuuzi. Gharama wanalipa wengine kwanza, ndiyo maana inachukua muda kuiona. Shuleni nilikuwa na kanuni yangu: mvulana akichapwa akalia, anaongezwa fimbo. Wazazi walinisifu kwamba natengeneza wanaume. Miaka mingi baadaye nikiwa mzee wa usuluhishi aliletwa kijana mmoja aliyekuwa mwanafunzi wangu. Alikuwa amemvunja mkewe mkono. Mwanamke alikaa pembeni na bandeji, kijana akanitazama bila aibu hata kidogo, kama mtu aliyefika kwao. Akasema, "Mwalimu, si wewe uliyetufundisha kwamba mwanaume hajibizwi?" Wazee wenzangu waliguna. Mimi nilimtoza mbuzi, nikafunga shauri haraka, nikaenda nyumbani nikashindwa kula. Mama yako akaniuliza nini. Nikamwambia aondoe sahani.

Na gharama yangu mwenyewe ikaja. Unajua ninaumwa tezi dume. Usilolijua ni kwamba niliona damu kwenye mkojo miaka kadhaa kabla ya kumwambia mtu. Niliposikia namna wanavyopima, nikasema bora nife. Nilianza kufua nguo zangu za ndani mwenyewe ili mama yako asizione. Mara ya kwanza maishani mwangu kufua nguo, Faustini, na nilifua ili nizidi kuumwa. Mama yako akafurahi, akawaambia dada zako kwenye simu, "Baba yenu siku hizi amebadilika, anafua." Daktari aliponiuliza yalianza lini nikasema juzi juzi. Alikuwa kijana wa umri wako. Akaweka kalamu chini akasema, "Mzee, ugonjwa huu haujui kusema uongo."

Wale niliokuwa nikikaa nao kwenye mabanda ya nyama karibu wote wamekwisha. Mmoja alikufa na kidonda cha mguu alichokifunika kwa soksi. Mmoja alijinyonga baada ya ng'ombe wake kufa na ukame, na siku moja kabla alikuwa amekaa nasi akicheka. Tulimuuliza hali, akasema shwari, na sisi tukaridhika kwa kuwa shwari ndilo jibu pekee tuliloruhusiana. Tulifahamiana tangu utotoni na hakuna aliyemjua mwenzake.

Huko uendako utakaa na wafugaji wa Kimasai, na wageni watakuuliza maswali kuhusu ushujaa wao. Usije ukadhani ugonjwa ninaouzungumzia ni wa kwao. Nimeuona kanisani, ofisini, na mahali palipojaa vyeti ukutani. Nitakusimulia nilichokiona kwao. Nilipoanza kazi nilipangiwa shule huko juu Ngorongoro, na asubuhi moja ya ukungu nilikutana na mzee mmoja anatoka malishoni, ndama mchanga mabegani, miguu ya ndama ameishika kifuani. Ametembea naye toka alfajiri. Ute wa uzazi umemchuruzika hadi kiunoni. Alikuwa akimwimbia. Wanaume aliokutana nao walisimama kumsifu, na mimi pia nilimwona mwanaume kweli kweli. Miaka mitano au sita baadaye nikamcheka Tarmo kwa kubeba mtoto wake. Sijawahi kupata jibu la kumpa mtu akiniuliza tofauti iko wapi, na umri wangu wote huu sikuthubutu kujiuliza mwenyewe.

Tarmo alikuja kuniona Alhamisi. Wewe ulikuwa mjini kutafuta buti. Alianza kupiga kelele tangu langoni: "Hodi! Mama Eliza amekuja kumwona mgonjwa!"

Mama yako akamcheka, akamkaribisha. Akaniangalia toka kichwani hadi miguuni. "Mwalimu, umekonda. Hata inzi hajui atue wapi."

"Na wewe umezeeka."

"Mimi nilizeeka zamani nikamaliza. Sasa napumzika."

Alichukua bakuli la uji, akaninywesha kijiko kwa kijiko, akanifuta kidevu, bila haraka, kama mtu aliyeifanya kazi hiyo maisha yake yote, na kweli ameifanya. Hivi sasa Elizabeti ndiye anayemjengea nyumba. Mama yako alipotoka kwenda kuleta kuni, akaliweka bakuli chini.

"Umemwambia?"

"Nani?"

"Usinifanye mtoto, Mwalimu."

Nikasema bado.

"Kijana anaondoka. Jumapili nilisikia hata mimi huko bondeni alivyomfokea mama yake. Na wewe hutamaliza masika haya, tusidanganyane. Sasa unamsubiri nani?"

Hakujua kwamba swali hilo niliwahi kuulizwa. Niligeuza uso ukutani, naye akadhani nimechoka, akanifunika akaondoka. Tarmo ndiye mtu pekee aliyetuona siku ile. Hakuyajua yote, lakini aliyoyajua yalitosha kuniangusha mbele ya kijiji kizima kilichokuwa kikimcheka, na hakuwahi kusema.

Basi nimeamua. Kesho baada ya chai, kabla gari halijafika, nitamwita mama yako aketi. Utaketi wewe na Juliana pia. Nitasema kwa mdomo wangu, mbele yenu, kwa sauti ile ile niliyotumia kumlaumu uani, maana aliyelaumiwa mbele ya watu hastahili kuombwa radhi chumbani. Nimemwomba katekista anipe nafasi Jumapili ijayo baada ya ibada, nibebwe na kiti, niwaambie na wengine. Tarmo amekubali kubeba upande mmoja wa kiti. Barua hii nakupa leo kupitia kwa Juliana ili nisiwe na pa kurudi. Ukiona kesho naanza kuzungumzia mvua, au najifanya pumzi imekata, itoe uisome kwa sauti. Usinionee huruma. Gari likipiga honi, acha lisubiri.

Mama yako akinyamaza, mwache anyamaze. Akilia, usimwambie basi. Akitaka kurudi kwao Kansay na kuniacha niuguzwe na wengine, mfungie mizigo yake na umwambie dereva apitie huko. Usimwombe anisamehe, hiyo si kazi yako, wala si yangu kudai. Wewe una neno lako la Jumapili. Hilo utalisema mwenyewe, na sikupangii namna ya kulisema.

Kuhusu Petro nakuomba moja tu. Utakapokuja likizo atakuwa anatembea, na atakuogopa kidogo kama watoto wanavyoogopa mgeni. Wanaume wenzako watakuwa wamekaa langoni. Mbebe mbele yao. Wakikupa jina, lipokee kama Tarmo alivyolipokea. Nimewajua waliopewa majina na nimewajua waliotoa majina, na sasa hivi ninajua ni miongoni mwa wepi ningependa kuwa.

Imebaki siku yenyewe.

Theresia aliamka anachemka. Kufikia saa nne alikuwa analegea, anapumua kwa mbavu, midomo imekauka. Nilifanya kama mama yako alivyosema. Nilimfunga mgongoni kwa kile kitenge, nikavaa koti juu, nikatoka. Mikononi nisingeweza kumbeba mwendo wote ule, na mabegani asingeweza kukaa, shingo ilikuwa haisimami. Njia ilikuwa tupu, kila mtu alikuwa mnadani. Nilitembea haraka. Nilisikia joto lake likipenya shati langu, na kwa muda wa njia ile nilikuwa baba, Faustini, naomba ulijue na hilo. Alikuwa akiniuliza mambo sikioni. Kama ng'ombe wanaumwa kichwa. Kama bibi amepona.

Tulipokaribia uwanja nikawasikia. Vicheko vile nilivifahamu kimoja kimoja. Moshi wa nyama ulikuwa umetanda, na ng'ambo yake niliona paa la bati la zahanati, karibu kiasi kwamba ungeweza kumwita mtu akageuka. Njia ilipita katikati ya mabanda, mbele ya meza yangu, na kiti changu kilikuwa wazi wamenitunzia. Nikashuka korongoni.

Nimewahi kujiambia kwamba nilikuwa nazunguka. Tarmo hata leo anaamini nilikuwa nazunguka. Korongo lile halizunguki. Limekatika ghafla, ukuta wa udongo mwekundu mrefu kuliko nyumba, na kila mtoto wa pale anajua, hata mimi nilijua. Niliketi chini ya ukingo, nikamfungua, nikamlaza mapajani. Kitenge nikakikunja nikakiingiza ndani ya koti. Jioni yake nilikifukia mchangani pale pale.

Tarmo alipita juu akitokea mnadani, akatuona. "Mwalimu? Kuna nini huko?"

"Tunapumzika."

"Mtoto mzima?"

"Mzima. Amelala."

Hakuondoka. Pindo la kitenge lilikuwa limechomoza kwenye koti langu, na aliliona, nami nikaona kwamba ameliona. Akasema, taratibu, bila utani: "Nilete mgongo? Mimi nimeshazoea. Wakicheka, watanicheka mimi."

Zahanati ilikuwa pale. Mgongo ulikuwa pale. Nikamwambia, "Nenda zako, Tarmo. Kaangalie wa kwako."

Akaenda. Kwa sababu nilikuwa Mwalimu, aliniamini.

Jua lilikuwa bado liko juu. Theresia akafumbua macho, akatazama kuta za udongo, akaniuliza, "Baba, tunamsubiri nani?"

Nikamjibu, "Tunamsubiri aayo."

Akafurahi. Aligeuza uso kuelekea ukingoni ili amwone mama yake akitokea, na alitazama huko mpaka mwisho.

Mama yako alikuwa Kansay, nami nilijua. Niliokuwa nawasubiri ni wanaume wamalize nyama waondoke.

Baba yako